Mihuri ya Lulanguru: Niliyojifunza kwa Kuzipanga Sarafu za Heller 20 za Mwaka 1916

Mkusanyaji wa sarafu anapoanza huuliza mambo matatu: sarafu hii ni ya nchi gani, ya thamani gani na ya mwaka gani. Akishapata majibu huiweka sarafu mahali pake kwenye albamu na kuendelea na nyingine. Nami nilikusanya hivyo kwa muda mrefu, na njia hiyo ilinipa mazoea ya kushika sarafu nyingi na kuzitazama kwa utulivu. Lakini zipo sarafu ambazo maswali hayo matatu hayazitoshi, na katika eneo letu sijaona zinazolidhihirisha jambo hilo kuliko heller 20, sarafu za koloni la Kijerumani zilizogongwa karibu na Tabora mwaka 1916. Zote ni za nchi moja, za thamani moja na za mwaka mmoja tu, na bado ukizimwaga kumi mezani utaona mataji yasiyolingana, herufi zenye ncha tofauti, na mistari iliyoinuka ambayo kwenye sarafu moja ipo na kwenye nyingine haipo. Sarafu hizo zilinifundisha kuuliza maswali mengine mawili. La kwanza: ilitoka kwenye muhuri upi, yaani kipande kipi cha chuma kilichochongwa ili kuichapa sarafu? La pili: ilipogongwa, muhuri huo ulikuwa umefikia wapi katika umri wake? Nataka kueleza niliyoyapata kwa kuyafuata maswali hayo, na hasa kwa nini ni lazima kila moja lijibiwe peke yake.

Kabla ya vita, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuja kwa meli. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890, kisha mwaka 1904 serikali ya koloni ikalichukua jukumu hilo na kuigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64. Sarafu hizo za serikali ziligongwa Ujerumani, na herufi ndogo iliyowekwa juu yake hutaja kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu mpya hazikufika tena. Noti za dharura zilichapishwa papa hapa nchini, lakini karatasi haikumaliza shida ya chenji sokoni. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na mji wa Tabora, kwenye Reli ya Kati iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912, ikafanywa kiwanda cha sarafu. Hapo ziligongwa heller 5 za shaba ya manjano, heller 20 za shaba ya manjano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke. Zote zina herufi T ya Tabora. Kazi hiyo haikuumaliza mwaka, kwa maana majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Nimeianza habari hii kwa historia kwa sababu mazingira ya karakana ndiyo yanayoeleza tofauti ninazozizungumzia. Muhuri wa sarafu ni nguzo fupi ya chuma cha pua iliyochongwa uso wake kwa kinyume: kinachotakiwa kuinuka kwenye sarafu huchimbwa ndani ya chuma, na kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia huchongwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kisahani cha metali hulazwa kati ya mihuri miwili, na pigo moja la mashine huzichapa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Katika viwanda vikubwa kama kile cha Berlin, fundi huchonga muhuri mama mmoja, na kutoka kwake hutolewa kwa kukandamiza mihuri ya kazi mingi inayofanana karibu kabisa. Ndiyo maana sarafu za heller za kabla ya vita, za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, huwa zinachosha kwa kufanana. Lulanguru hapakuwa na utaratibu huo. Tofauti za taji na za herufi zilizomo kwenye heller 20 ni tofauti za mkono wa mtu aliyechonga muhuri mmoja, akamaliza, akaanza mwingine upya.

Katalogi za sarafu za dunia zimekubaliana kuzitaja tofauti kubwa kwa herufi. Upande wa taji una aina mbili: A ni ile yenye taji kubwa, na B ni ile yenye taji dogo. Upande wa thamani, palipoandikwa 20 HELLER, una aina tatu, na zote hutambuliwa kwa herufi L mbili zilizomo katika neno hilo. Katika aina A, ni L ya pili ambayo ncha ya mguu wake imejikunja. Katika aina B, ncha za L zote mbili zimechongoka. Katika aina C, zote mbili zimejikunja. Kwa hiyo sarafu moja hutajwa kwa jozi ya herufi, ya kwanza ikiwa ya taji na ya pili ikiwa ya thamani: A na A, A na B, B na C, na kadhalika, kisha huongezwa metali yake. Maelezo hayo ni mafupi mno kwenye ukurasa, lakini kuyatumia kwenye sarafu halisi kunahitaji mazoezi.

Chukua suala la L. Heller 20 ni sarafu kubwa, yenye kipenyo cha karibu milimita 29, na mtu angetarajia herufi zake zisomeke bila shida. Zinasomeka, lakini kinachotafutwa si herufi nzima, ni ncha ya mguu wake. Mimi huiweka sarafu juu ya kitambaa cheusi, naiwasha taa ya mezani upande wa kushoto ikiwa chini kiasi cha kumulika kwa mlazo, kisha naishusha lenzi inayokuza mara 10 hadi karibu na jicho na kuileta sarafu juu kwenye lenzi. Hapo naanza na L ya pili. Nikiona ncha yake imenyooka na kuchongoka, jambo limekwisha: ni aina B, kwa sababu hiyo ndiyo aina pekee isiyo na mkunjo kwenye herufi hiyo. Nikiona imejikunja, narudi kwenye L ya kwanza ili kutenganisha A na C. Kisha naizungusha sarafu nusu duara na kutazama tena, kwa sababu mwanga unaotoka upande mmoja huweza kukiumba kivuli kinachofanana na mkunjo mahali ambapo hakuna kitu. Ikiwa mkunjo unaonekana kutoka pande zote mbili za taa, basi upo kwenye metali. Kwa taji huwa sitegemei jicho peke yake. Hulipima taji kwa kulilinganisha na nafasi iliyobaki hadi kwenye ukingo, na huwa na sarafu mbili za kulinganishia, moja ya A na moja ya B, ambazo siziondoi mezani.

Heller 5 nazo zina mgawanyiko wao, ambao ni rahisi zaidi: kitako cha taji kwenye aina moja ni cha mviringo mrefu, na kwenye nyingine ni bapa, na hiyo ya kitako bapa kwa kawaida hugongwa kwenye kisahani chembamba. Rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, hutofautishwa kwa upande wa tai. Nakshi iliyo upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA kwenye aina moja, na chini ya A ya kwanza kwenye nyingine. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, na bei yake iko mbali na mfuko wangu, kwa hiyo nimeziona kwenye kabati za kioo na kwenye picha. Heller 20 ziligongwa kwa mamia ya maelfu, zikapita zaidi ya milioni moja, na ndizo mtu wa kawaida anaweza kuzikusanya nyingi kiasi cha kuzisoma.

Baada ya kuzigawa kwa herufi za katalogi nilidhani nimefika mwisho wa uainishaji, mpaka nilipoziweka pamoja sarafu za jozi moja na kuona kwamba bado hazifanani. Moja ilikuwa na uwanda safi, yaani ile sehemu tupu isiyo na mchoro wala herufi. Nyingine ilikuwa na mstari mwembamba ulioinuka kutoka ukingoni kuelekea kwenye taji. Ya tatu ilikuwa na mstari huohuo, mahali palepale, lakini mrefu na mnene zaidi. Taji lilikuwa moja, herufi zilikuwa zilezile, nafasi kati ya herufi na herufi ilikuwa ileile. Hizi hazikuwa aina tatu za muhuri. Zilikuwa muhuri mmoja katika nyakati tatu za maisha yake.

Hapa ndipo ilinibidi nijifunze jambo ambalo vitabu vya sarafu hulitaja kwa haraka, nalo ni tabia ya chuma. Nilimwendea mzee mmoja fundi chuma ambaye amefua tindo na patasi maisha yake yote. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwonyesha picha kubwa ya ule mstari ulioinuka, ambao ni alama ya ufa kwenye muhuri, nikamuuliza kwa nini chuma cha pua kipasuke kwa kugonga shaba, ambayo ni laini kuliko chenyewe. Akachukua kipande cha tindo kilichovunjika, akanionyesha mahali palipokatika, palipokuwa na chembechembe zinazong'aa kama chumvi ya mawe.

"Mwanangu," akaniambia, "chuma ukikichoma kikawa chekundu ukakichovya kwenye mafuta, kinakuwa kigumu, lakini kinakuwa kigumu cha kuvunjika. Inabidi ukirudishe motoni kidogo, kipoe taratibu, kiuache ule ukali. Ukikirudisha mno, kinalegea, kinabonyea. Ukikirudisha kidogo mno, kitapasuka tu, hata kama unagonga mbao."

"Na kikishaanza kupasuka, mzee, kinaweza kutengenezwa?"

"Ufa haurudi nyuma. Utaendelea nao kazi mpaka utakapokushinda."

Maneno hayo ndiyo kanuni nzima ya hali za mihuri. Ufa kwenye muhuri ni nafasi, na wakati wa kugongwa metali ya kisahani husukumwa ndani ya nafasi hiyo, kwa hiyo kwenye sarafu ufa huonekana kama mstari ulioinuka. Kila pigo huuongeza. Sarafu yenye ufa mfupi iligongwa kabla ya ile yenye ufa mrefu, ikiwa zote zimetoka kwenye muhuri huohuo, na hakuna namna mpangilio huo unavyoweza kuwa kinyume. Ufa ukizunguka na kukutana na ukingo mara mbili, kipande cha muhuri hubanduka, na mahali hapo sarafu hubaki na bonge lisilo na mchoro wowote. Muhuri uliofika hapo kwa kawaida hutupwa, lakini katika karakana yenye uhaba wa chuma kizuri na haraka ya vita, mafundi walikuwa na kila sababu ya kuendelea nao, na hii ndiyo maana sarafu za Tabora zenye nyufa si kitu cha kushangaza.

Ufa ni ishara iliyo wazi kuliko zote, lakini si ya pekee. Mashine ikipiga bila kisahani kuwekwa, muhuri wa taji na muhuri wa thamani hugongana uso kwa uso, na kila mmoja humwachia mwenziwe kivuli cha mchoro wake. Tangu wakati huo sarafu zote zinazotoka kwenye jozi hiyo zitakuwa na mabaki ya mistari ya upande wa pili, yakiwa yamegeuzwa kama yanavyoonekana kwenye kioo. Fundi akiiona alama hiyo huweza kuusugua uso wa muhuri ili kuiondoa, na akifanya hivyo huacha michirizi myembamba sana, iliyoinuka kwenye sarafu, na pengine huondoa pia sehemu za mchoro ambazo hazikuchimbwa kwa kina. Halafu kuna kuchoka kwa chuma chenyewe: metali inayosukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni kila pigo huulamba uso wa muhuri mpaka ukapata mifereji midogo, na herufi zilizo karibu na ukingo hunenepa na kupoteza makali yake. Alama ya mgongano huweza kufutwa, na michirizi ya kusugua huweza kufifia, ila ufa haufutiki. Kwa hiyo ninapopanga hali za muhuri, huutanguliza ufa, kisha ishara nyingine huziweka kati ya hatua za ufa.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, ni lazima kwanza mtu ajue kwamba anachokitazama kilitoka kwenye muhuri. Kipimo ninachokitumia ni kimoja, na sijaona sababu ya kukibadilisha: kilichoinuka kwenye sarafu kina uwezekano mkubwa wa kuwa kilikuwapo kwenye muhuri, na kilichodidimia kina uwezekano mkubwa wa kuwa kiliipata sarafu baadaye. Mkwaruzo wa muhuri huinuka, mkwaruzo wa sarafu huzama. Mstari unaopita kwenye uwanda na kukata pia juu ya herufi, ukiwa umezama, ni kovu la sarafu hiyo moja na hauhusiani na uainishaji. Kwa heller 20 kuna tahadhari mbili za ziada. Visahani vyake havikuwa na unene sawa, na kisahani chembamba hakijazi muhuri, kwa hiyo sehemu ya taji au ya neno HELLER huweza kutoka hafifu hata kama muhuri ulikuwa mpya. Uhafifu huo unatofautiana na uchovu wa muhuri kwa jambo moja: kwenye kisahani chembamba, sehemu hafifu za pande mbili za sarafu mara nyingi hukabiliana mgongo kwa mgongo. Tahadhari ya pili inahusu usafi. Watu wetu wengi, wakipata sarafu nyeusi ya zamani, huisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae kabla ya kuiuza, na kwa kufanya hivyo huondoa ile michirizi midogo ya uwandani ambayo ingetuambia umri wa muhuri. Nawasihi wenye sarafu hizi majumbani waziache na weusi wake. Sarafu iliyong'arishwa haisomeki tena kikamilifu, na hasara hiyo haina dawa.

Jambo ambalo hulisisitiza kila ninapozungumza na wakusanyaji wenzangu ni kutenganisha hali ya muhuri na hali ya sarafu. Sarafu iliyotembea mifukoni miaka mingi, iliyolika mpaka tarehe yake haionekani vizuri, huweza kuwa imetoka kwenye muhuri mpya kabisa. Sarafu isiyowahi kutumika, inayong'aa kama siku ilipotoka mashineni, huweza kuwa imetoka kwenye muhuri uliopasuka katikati. Soko huipa bei ya juu ile ya pili, na ni haki yake, lakini kwa anayetaka kujua kazi ya Lulanguru ilivyokwenda, ile iliyolika ndiyo inayomwonyesha mwanzo wa muhuri, na haipaswi kutupwa kwa ajili ya sura yake. Katika daftari langu kila sarafu ina safu tofauti kwa mambo haya: jozi ya mihuri, metali, uzito, hali ya muhuri wa taji, hali ya muhuri wa thamani, na mwisho kabisa hali ya sarafu. Naandika hali za mihuri miwili mbali mbali kwa sababu mihuri haizeeki pamoja. Mmoja huweza kuvunjika na kubadilishwa huku mwenziwe akiendelea na kazi.

Na hapo ndipo uainishaji huu unapoanza kuzaa matunda ambayo orodha ya katalogi peke yake haiwezi kuyatoa. Tuseme muhuri mmoja wa taji ulitumika na muhuri wa thamani wa aina A, kisha ukatumika na wa aina B. Ikiwa sarafu zote za jozi ya kwanza zinaonyesha taji lisilo na ufa, na sarafu za jozi ya pili zinaonyesha taji lenye ufa, basi jozi ya kwanza ilitangulia. Tukipata baadaye sarafu za aina B zilizounganishwa na taji lingine, na muhuri huo wa B umechakaa zaidi, tumepata hatua ya tatu. Kwa njia hiyo kazi ya karakana hupangika kiungo kwa kiungo, bila kuhitaji karatasi hata moja ya msimamizi wake. Nimefurahia mambo mengi katika ukusanyaji, lakini sijapata furaha inayofanana na ile ya kuviona viungo viwili vikishikana mezani kwangu.

Njia hii ina mipaka yake, nayo lazima iheshimiwe. Muhuri huweza kuondolewa mashineni, ukakaa kando, ukarudishwa baada ya mwingine kuharibika, kwa hiyo mpangilio wa jozi hauendi lazima kwa mstari mmoja ulionyooka. Tena, herufi A na B za katalogi ni majina ya miundo, na muundo mmoja huweza kuwa ulichongwa kwenye muhuri zaidi ya mmoja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kusema kwamba sarafu mbili za taji kubwa zimetoka kwenye muhuri uleule, ninapima umbali wa herufi na tarakimu kutoka kwenye taji na kutoka kwenye ukingo, na ninaangalia kama mstari wa kufikirika unaopitishwa kwenye mguu wa tarakimu moja unafika mahali palepale kwenye sarafu ya pili. Mahali pa herufi hapadanganyi kwa urahisi, maana mkono wa mchongaji hauwezi kurudia nafasi zote bila kukosea hata kidogo. Picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, kwa umbali uleule na taa ileile, hurahisisha kazi hiyo sana. Simu ya kawaida iliyofungwa kwenye kishikio inatosha.

Elimu ya mihuri inamlinda pia mnunuzi. Sarafu za Tabora zinatafutwa, na za dhahabu zimeigizwa sana. Mwigaji anayetumia kalibu hukalibu sarafu moja halisi pamoja na makovu yake yote, kisha humimina nakala nyingi. Kila nakala itakuwa na ufa wa muhuri mahali sahihi, jambo linaloweza kumridhisha mtu aliyejifunza aina za mihuri tu. Lakini zitakuwa pia na mkwaruzo mmoja mahali pamoja na mbonyeo mmoja kwenye ukingo. Makovu ya matumizi hayawezi kujirudia kwenye sarafu mbili tofauti. Mtu aliyezoea kutenganisha kilichotoka kwenye muhuri na kilichoipata sarafu baadaye ataligundua hilo mara tu nakala mbili zitakapowekwa pamoja, na huu ni ujuzi ambao hakuna mizani wala sumaku inayoweza kuchukua nafasi yake.

Nimeulizwa kama kazi hii inafaa kwa sarafu nyingine za kwetu. Kwa shilingi za Afrika Mashariki za wakati wa Waingereza, mwanzo mzuri ni herufi za viwanda, kama vile H ya Heaton wa Birmingham, KN ya King's Norton na I ya Bombay, na baada ya hapo tofauti huwa ndogo mno, kwa kuwa mihuri ilitolewa kwa mihuri mama. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni habari nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndizo zinazostahili macho zaidi kuliko zote za pwani. Ziligongwa kwa nyundo, maandishi ya upande mmoja yakikamilisha vina vya upande wa pili, kama zile za Ali bin al-Hasan zinazomtaja kuwa anamtegemea Mola Mwenye fadhila. Hazina tarehe. Kwenye sarafu zisizo na tarehe, viungo vya mihuri ndiyo mojawapo ya njia chache za kujua kipi kilitangulia kipi, na kila kipande kinachookotwa ufukweni kikauzwa bila kuandikwa kilipotoka ni kiungo kilichopotea.

Kwa upande wangu nimebaki na Lulanguru, na swali ninalolifuatilia sasa linahusu metali. Baadhi ya mihuri ya heller 20 ilitumika kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, na ningependa kujua kama mafundi walimaliza metali moja ndipo wakaigeukia nyingine, au walitumia chochote kilichokuwa tayari kwa kupishanisha. Hali za mihuri zinaweza kulijibu swali hilo. Ikiwa kwenye muhuri mmoja sarafu zote nyekundu zina ufa mfupi na zote za manjano zina ufa mrefu, walimaliza kwanza moja. Ikiwa sarafu moja nyekundu itaangukia katikati, ufa wake ukiwa mrefu kuliko wa sarafu moja ya manjano na mfupi kuliko wa nyingine, basi metali zilipishana mashineni wakati muhuri huo ukifanya kazi. Kwa ajili hiyo ninazipima nyufa kwa milimita, kutoka ukingoni hadi mahali zinapokoma, na sarafu nyekundu zilizochakaa, ambazo wauzaji huniwekea kando wakidhani sitazitaka, ndizo ninazozichukua kwanza.